Nimemaliza kozi ya wiki sita ya kujikumbusha hesabu kabla ya faundesheni, haya ndo niliyoyaona

Niseme mapema, jina la hii kozi silitaji maana kuna mambo mawili matatu yameniudhi na sitaki kesi na mtu, ila ukikutana nayo au na ndugu zake utaitambua, ziko nyingi na karibu zote zimeundwa hivi hivi. Ni ya mtandaoni, wiki sita, unalipia kwa mwezi. Unapata video, maswali ya kujipima, kipindi cha laivu na mwalimu mara moja kwa wiki, na kitu wanachokiita "daftari" ambacho nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndo kitu pekee kilichonizuia nisidai hela yangu.

Mimi nina miaka 11 tangu niguse hesabu za darasani. Kazini natumia kalkuleta na ekseli, ekseli ikikosea na mimi nimekosea, tulishakubaliana hivyo. Sasa nimepata nafasi ya faundesheni ya sayansi za afya, yaani kozi ya maandalizi ya kuingia chuo, barua ya kukubaliwa ndefu tu, halafu chini kabisa kuna mstari mmoja umejificha, kwamba mwanafunzi anatarajiwa kuwa na uelewa mzuri wa hesabu za msingi. Huo mstari niliusoma mara nne. Usiku ule nikachukua karatasi nikasema ngoja nijipime na kitu chepesi, nusu jumlisha theluthi, nikaandika 2/5. Likaonekana jibu zuri kabisa, moja na moja mbili, mbili na tatu tano, nikafunika karatasi nikaenda kulala. Usingizi ukakata saa nane hivi, mbili ya tano si ni ndogo kuliko nusu? Yaani nimeanza na nusu, nimeongezea kitu, halafu kimepungua! Asubuhi nikaanza kutafuta kozi.

Siku ya kwanza wanakupa jaribio la kuingilia, maswali 40, ukimaliza wanakuletea namba moja kubwa katikati ya skrini. Yangu ilikuwa 58%. Basi. Hakuna wapi umekosa, hakuna mada gani imekulemea, ni 58% na kitufe cha kijani cha "anza sasa". Hapa nawapa sifuri. Mtu anayerudia hesabu hana shida ya kuanza moja, sisi wengine vitu vingi bado vipo kichwani, tatizo ni kwamba kuna matundu na hatujui yako wapi, kwa hiyo lile jaribio ndo lilikuwa la kutuonyesha matundu na badala yake wakatupa alama kama ya ripoti ya shule. Kingine, wiki ya tatu nilipofika kwenye asilimia nikarudi kukokotoa, nilipata 23 kati ya 40, hiyo ni 57.5%, kumbe walinipandishia. Asanteni.

Video ni nzuri, sina la kusema sana. Dakika 6 mpaka 9, sauti safi, mwalimu anaandika kwa mkono badala ya kusoma slaidi. Ila video za hesabu zina ulaghai fulani, ukimwangalia mtu anapiga swali unaona unaelewa kila hatua, unatikisa kichwa ndiyo ndiyo, halafu unapewa lako karatasi inabaki nyeupe. Nilipoteza wiki nzima ya kwanza kutikisa kichwa.

Haya, daftari. Unapiga swali kwa mkono kwenye karatasi, hatua zote, unapiga picha unaituma, na ndani ya siku mbili mwalimu anakurudishia ikiwa imechorwa peni nyekundu pamoja na sauti fupi ya kukuelezea. Mimi nilituma hili: 5 − 2(x − 3) = 1. Nikafungua mabano nikaandika 5 − 2x − 6 = 1, nikasogeza vitu, nikapata x ni −1, nikapigia mstari chini kabisa kwa raha. Sauti ikarudi: "Dada, hebu chukua hiyo −1 yako uirudishe kwenye swali kabla hatujaongea." Nikairudisha. Ndani ya mabano −1 kutoa 3 ni −4, mara −2 ni 8, jumlisha 5 ni 13. Swali linataka 1. Mimi nimeleta 13, hata jirani hatujafika.

Kisha ndo akanionyesha, ile −2 niliigawia x vizuri lakini ilipofika kwenye −3 nikasahau kwamba toa ikikutana na toa inakuwa jumlisha, kwa hiyo ni +6 na sio −6, na x inakuwa 5. Sawa, hilo kila mtu anaweza kukwambia. Kilichonimaliza ni alichosema baadaye, kwamba amefungua kurasa zangu zote tatu nilizotuma wiki ile na nimekosa maswali manne, na yote manne ni ugonjwa uleule, alama ya kutoa mbele ya mabano. "Aljebra unaijua dada, usijitishe, wewe una tundu moja tu na linavuja kila mahali." Akanipa maswali 12 ya hilo tu, hakuna kingine, kutoa mbele ya mabano mpaka nikaanza kuyaota. Sasa niambieni ni video gani ingeniambia hivyo. Mimi mwenyewe ningeandika kwenye mipango yangu "rudia aljebra yote" nikamaliza mwezi nasoma vitu ninavyovijua.

(Kwa wapenda maneno, aljebra ni Kiarabu, al-jabr, kurudishia kilichovunjika, kama vile kuunga mfupa. Nimeona inanihusu.)

Kitu cha pili ambacho daftari lilinikamata nacho ni MAGAZIJUTO. Wengi tuliimba hii, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na ni msaada kweli, ila ina mtego na hakuna aliyewahi kuniambia. Piga 10 − 4 + 3. Mimi nilifuata wimbo, JU inakuja kabla ya TO, kwa hiyo nikajumlisha kwanza 4 na 3 nikapata 7, kumi toa saba, 3. Jibu ni 9. Kumbe kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, unaenda nao kutoka kushoto kwenda kulia yeyote atakayetangulia, na kugawanya na kuzidisha hivyo hivyo. Cha kuchekesha, kwa GA na ZI ukifuata wimbo kama ulivyo haikudhuru, ukianza na kugawanya bado unafika palepale, jaribu 12 × 6 ÷ 3 kwa njia zote mbili, zote 24. Kinachokuangusha ni JU na TO tu. Miaka yote hiyo nilikuwa napata baadhi na kukosa baadhi, naona kama bahati.

Na alama ya sawasawa pia. Nilikuwa naandika 3 + 4 = 7 × 2 = 14, kama mtu anayeongea bila kuvuta pumzi. Mwalimu akaizungushia duara, akauliza tangu lini 3 + 4 ikawa 14. Nikaona ananionea. Akasema ile alama haimaanishi "jibu linafuata", inamaanisha huku na kule ni kitu kimoja, na aliyeichapisha mara ya kwanza, Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu sawa kwa kuona hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Inaonekana kama usumbufu wa kiwalimu lakini nilipoanza kushusha kila hatua kwenye mstari wake makosa yangu yalipungua sana, na nikikosea naliona kosa liko mstari wa ngapi.

Sehemu sasa. Hapa kozi imefanya vizuri na vibaya kwa wakati mmoja. Vizuri kwa sababu hawakuanza na kanuni, walianza na swali "jibu lako linaingia akilini?", kabla ya kukokotoa unakadiria, nusu na theluthi lazima izidi nusu na isifike moja, halafu ndo unatafuta KDS ya 2 na 3, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, ambayo ni 6, nusu inakuwa 3/6, theluthi 2/6, jumla 5/6. Hilo la kukadiria kwanza ningelijua usiku ule ningelala vizuri. Vibaya ni kwamba wanaruka kutoka neno moja kwenda lingine bila taarifa, wiki ya kwanza ni kiasi na asili, yaani namba ya juu na ya chini ya sehemu, wiki ya pili ghafla nyumereta na denomineta, na kama ulisoma lugha moja ukaishia hapo unabaki unajiuliza kama ni kitu kipya. Ni karatasi moja tu ya maneno ingetosha, maneno 30 hivi, hawana. Nimejitengenezea yangu nyuma ya daftari.

Na sasa lile sanduku la majibu. Jamani. Swali linasema "andika jibu", naandika 0.75, nyekundu. Naandika 6/8, nyekundu. Nakaa dakika kumi natafuta kosa ambalo halipo, kumbe wanataka 3/4, na hakuna mahali wamesema warahisishiwe. Siku nyingine niliweka nafasi kabla ya namba, nyekundu tena. Kwa mtu anayejiamini hilo ni kero ndogo, kwa mtu aliyerudi baada ya miaka 11 akiwa ameshajiambia yeye hesabu hazimtaki, nyekundu moja ya uongo inatosha kufunga kompyuta. Niliwaandikia, wakajibu "tumepokea maoni yako". Bado wameyapokea mpaka leo.

Kipindi cha laivu sikipendekezi. Watu 60 na zaidi, meseji zinapita kama mvua, anauliza swali mwenye shida ya kugawanya kwa tarakimu mbili na papo hapo mwingine anauliza logi, mwalimu masikini anajaribu kumridhisha kila mtu. Nilihudhuria viwili nikaacha, ule muda nikaupeleka kwenye daftari.

Wana na ule mchezo wa moto, ukiingia kila siku moto wako unakua, ukikosa siku unazimika. Nilifikisha siku 19. Nikajikuta saa sita kasoro usiku napiga maswali matano mepesi kabisa ya kuzidisha kwa 10 ili tu moto usizimike, nikajiona mjinga. Nikauacha uzimike kwa makusudi na kiukweli wiki iliyofuata nilisoma vizuri zaidi.

Ila kuna kitu kidogo kwenye programu yao ambacho hawakitangazi na mimi nakisifia, "maswali ya juzi". Kila ukifungua somo jipya linaanza na maswali manne ya mada za nyuma, moja la jana, moja la wiki iliyopita, yamechanganywa hovyo. Mwanzoni nilikuwa nayaruka. Lakini kusahau ndo hali ya kawaida ya kichwa, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaandika mwaka 1885 jinsi ulichojifunza kinavyoyeyuka haraka siku za mwanzo usipokirudia, na haya maswali manne yanakurudisha pale pale unapotaka kusahau. Halafu kwa vile yamechanganywa huna wa kukwambia "hili ni la uwiano", inabidi uamue mwenyewe ni swali la aina gani, na kwenye mtihani ndo itakavyokuwa. Nusu saa kwa siku ilinitosha. Siku niliyojaribu masaa manne mfululizo Jumamosi sikukumbuka chochote Jumatatu.

Asilimia wamefundisha vizuri na sikuwa na shida nazo sana, ila swali moja lilinipa adabu: kitu kimepanda 20% kisha kikashuka 20%, kimerudi pale pale? Nikajibu ndiyo bila kufikiri. 100 inakuwa 120, na 20% ya 120 ni 24, unabaki na 96. Asilimia ya nini, hilo ndo la kujiuliza kila mara, na wanalirudia mpaka unachoka, vizuri tu.

Sasa lawama yangu kubwa. Kozi imeandikwa "maandalizi ya faundesheni" kwa herufi kubwa, lakini mambo ambayo faundesheni ya sayansi itakuuliza mapema wameyapa somo moja moja mwishoni kama nyongeza. Vipimo kwa mfano. Mita moja ni sentimita 100, hilo kila mtu analijua, ila mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000 na mita moja ya ujazo ni milioni moja, na hapo watu wengi tunaandika 100 kwa kujiamini kabisa. Miligramu na mikrogramu, 0.25 mg ni mikrogramu 250, kwa sisi wa afya desimali ikihama nafasi moja mgonjwa anapata dozi mara kumi, ndo maana tunafundishwa kuandika 0.5 na sio .5, na 5 na sio 5.0, maana nukta isipoonekana vizuri 5.0 inasomeka 50. Hakuna neno hata moja la hayo kwenye kozi. Namba za vipeo vya kumi, kama 3.2 × 10 kwa kipeo cha −4, video moja ya dakika 7. Kugeuza fomula, kwamba densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo, haya nipe ujazo, maswali matatu. Matatu! Wakati kusoma saa na kuhesabu kwa makumi wamekipa wiki nzima.

Kwa hiyo hayo niliyatafuta pembeni. Khan Academy ni bure na ndo nilikojazia mashimo mengi, ilianza na Salman Khan kumfundisha binamu yake kwa mbali mwaka 2004, ikawa shirika lisilo la faida mwaka 2008, na kilichonifaa kwao ni kwamba ukikwama kwenye swali unaweza kufungua hatua moja moja badala ya kutupiwa jibu lote. OpenLearn ya Open University ya Uingereza nayo ina kozi za hesabu za bure kwa watu wazima wanaorudi kusoma, nyingi maandishi, tulivu, kwa anayependa kusoma kuliko kuangalia. Kama hela ni ya mawazo mimi ningesema chukua hizo za bure na utafute binadamu mmoja tu anayejua hesabu, hata mtoto wa dada yako aliyeko sekondari, umpe kurasa zako mara moja kwa wiki akuonyeshe ni mstari gani unaharibika. Maana kwenye hii kozi, ukiondoa daftari, sijaona nilicholipia ambacho hakipo bure.

Halafu hela yenyewe. Wiki sita, malipo ya mwezi, piga hesabu, unalipa miezi miwili kwa mwezi mmoja na nusu, na ukimaliza hawakutoi, mwezi wa tatu wanakata wenyewe kimya kimya. Kitufe cha kusitisha kipo ndani ya "akaunti", ndani ya "mpango wangu", chini kabisa kwa maandishi ya kijivu. Mimi walinikata. Niliandika barua pepe mbili wakarudisha, siku tisa, kwa hiyo sio wezi, ila weka ukumbusho kwenye simu siku ile ile unayojiunga.

Jana nimerudia lile jaribio la kuingilia, maswali 40 ya aina ileile. Nimepata 34. Kabla skrini haijaniletea namba yake nilishaigawanya kwa mbili, 17 kwa 20, zidisha tano juu na chini, 85%, na safari hii hawakunipandishia. Bado hawaonyeshi umekosa wapi, lakini nilikuwa nimeandika kila hatua kwenye karatasi zangu kwa hiyo nikayatafuta mwenyewe, mawili kati ya yale sita ni kutoa mbele ya mabano. Lile lile. Nimecheka peke yangu, nikapiga picha, nikamtumia mwalimu wa daftari siku ya mwisho ya uanachama wangu, akajibu kwa neno moja, "Linavuja."

Nyota tatu na nusu kati ya tano, tatu zote za daftari. Ni 70%, hiyo nimepiga kichwani.